Akiba Iko Kwenye Saa, si Kwenye Chaja

Tangu mwaka 2014 serikali ya Uingereza imekuwa ikiwachangia wananchi wake gharama ya kufunga chaja ya gari la umeme nyumbani. Mchango huo umekuwa ukipungua kadiri miaka inavyokwenda. Uliwahi kuwa pauni 500, ukashushwa hadi 350 mwezi Aprili 2020, na ilipofika mwisho wa Machi 2022 wenye nyumba za kujitegemea wakaondolewa kabisa. Waliobaki ni wenye fleti na wapangaji, ambao mpango mpya ulianza kwa kuwalipia robo tatu ya gharama ya chaja na ufungaji wake, mradi isizidi pauni 350. Marekani ilipitia njia ya kodi: aliyefunga chaja nyumbani alipunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, isizidi dola 1,000, na kuanzia 2023 nafuu hiyo ikabaki kwa wakazi wa maeneo ya kipato cha chini na ya nje ya miji. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wa mpango huo.

Kila kiwango kinaposhushwa au mpango unapofungwa, malalamiko husikika kwamba mlango wa gari la umeme umefungwa kwa mtu wa kawaida. Malalamiko hayo yana chanzo cha kweli, ila yamekosa shabaha. Ruzuku ya chaja ni sehemu ndogo sana ya hesabu ya gari la umeme. Kinachoamua kama mwenye gari atapata akiba au atajuta ni bei ya uniti ya umeme katika saa anayochaji, na kama ana mahali pa kuegesha ambapo bei hiyo inamfikia. Nchi inayotaka wananchi wake wanufaike na magari haya inapaswa kuanza na bei ya usiku, kisha ihakikishe kwamba asiye na ua wala geti naye anaipata. Nasema hivi nikiwa na Nairobi, Dar es Salaam na Kigali akilini kama nilivyo na London, maana katika miji yetu magari na pikipiki za umeme zimeshaanza kuingia, na bado tuna nafasi ya kupanga mambo kabla hayajatupanga sisi.

Tupige hesabu. Chukua gari linalotembea kilomita 12,000 kwa mwaka, umbali usio mbali na wastani wa Uingereza. Gari la umeme la ukubwa wa kati hutumia takribani uniti moja kwa kila kilomita sita. Na uniti ni ile ile kilowati-saa tunayoinunua kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya. Mahitaji ya mwaka ni uniti 2,000. Katika miaka ya karibuni, Mwingereza mwenye maegesho nyumbani na mkataba wa umeme uliotengenezwa kwa ajili ya magari amekuwa akilipa karibu peni 7 kwa uniti akichaji usiku, yaani pauni 140 kwa mwaka mzima. Mwenzake mwenye chaja ile ile na gari lile lile, lakini aliyebaki kwenye bei ya kawaida ya nyumbani ya karibu peni 25, atalipa pauni 500. Asiye na mahali pa kuchajia nyumbani, anayetegemea vituo vya haraka vya barabarani ambako uniti mara nyingi huzidi peni 70, atalipa pauni 1,500 ikiwa bei ni peni 75. Sasa weka kando yao gari la petroli linalokunywa lita sita kwa kilomita 100: petroli ikiwa pauni 1.35 kwa lita, mwaka humalizika kwa pauni 972.

Tazama nambari hizo vizuri. Magari matatu ya kwanza hayana tofauti yoyote, na barabara ni moja. Hata hivyo mmoja analipa chini ya sehemu ya sita ya gharama ya petroli, wa pili analipa karibu nusu, na wa tatu analipa zaidi ya mwenye petroli. Ruzuku ile ya pauni 350 ilikuwa ya mara moja tu, wakati tofauti kati ya bei ya usiku na bei ya kawaida ya nyumbani ni pauni 360 kila mwaka. Akilimiliki gari miaka minane, anayechaji usiku atakuwa ameokoa pauni 2,880 kuliko jirani yake anayechomeka waya saa yoyote, na hapo hatujamtaja yule wa tatu. Anayehangaikia ruzuku huku akiupuuza mkataba wake wa umeme ameshika kidogo akaacha kikubwa.

Umeme wa usiku hauuzwi rahisi kwa hisani ya kampuni. Mitambo, nyaya na transfoma hujengwa kwa kipimo cha saa ile moja ambayo watu wengi kuliko wote wanawasha taa, majiko na televisheni kwa pamoja. Saa hiyo ikipita, sehemu kubwa ya uwezo huo hukaa bure hadi alfajiri, ingawa mkopo uliojengea mitambo unaendelea kulipwa. Waingereza walilitambua hilo zamani. Mwaka 1978 walianzisha mkataba ulioitwa Economy 7, uliowapa wateja saa saba za umeme wa bei ya chini usiku, kwa sababu mitambo ya makaa ya mawe na ya nyuklia haikuweza kuzimwa na kuwashwa kila siku, na umeme wake ulihitaji mnunuzi. Wakati ule walioununua ni wenye hita za matofali zilizohifadhi joto la usiku kwa ajili ya mchana. Miaka 40 baadaye, mwaka 2018, kampuni ya Octopus Energy ilitoa mkataba wa wenye magari ya umeme: peni 5 kwa uniti kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri. Kampuni nyingine zikafuata. Makaa ya mawe yamekwisha huko, lakini upepo wa usiku umechukua nafasi yake, nao hauwezi kuambiwa usubiri asubuhi.

Kilichowezesha mikataba hiyo ni mita janja, inayoandika matumizi kwa kila nusu saa. Mita ya zamani inajua umetumia uniti ngapi, haijui umezitumia saa ngapi. Bila mita inayojua saa hakuna bei ya usiku, na bila bei ya usiku chaja ya kisasa ukutani ni pambo ghali. Ndiyo maana naona fedha za umma zinazotumika kubadilisha mita zina faida pana kuliko zile zinazotumika kununua chaja: mita humfaa mwenye gari, mwenye jokofu, mwenye pampu ya maji na mwenye mashine ya kusaga, na inapofungwa haina haja ya kuuliza nani ana uwezo wa kununua gari jipya.

Mtu atasema: bila chaja hutauona huo umeme wa usiku, kwa hiyo ruzuku ndiyo ufunguo. Hoja hii ina nguvu kidogo kuliko inavyoonekana. Gari la umeme linaweza kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida. Soketi ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyorithiwa Kenya na Tanzania, hutoa takribani kilowati 2.3 kwa gari. Kwa saa nane za usiku hizo ni zaidi ya uniti 18, zinazotosha kilomita 110. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka hutembea wastani wa kilomita 33 kwa siku, ambazo hurudishwa kwenye betri kwa saa mbili na nusu. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 hufanya kazi hiyo kwa dakika 45. Ni raha, na kwa mwenye safari ndefu ni lazima, lakini kwa wengi haraka hiyo haina kazi, kwa sababu gari limelala pamoja na mwenyewe.

Jambo moja katika hoja hiyo nalikubali bila ubishi, nalo ni usalama. Soketi ya nyumbani haikutengenezwa ivute nguvu kubwa saa nane mfululizo, usiku baada ya usiku. Waya mwembamba, plagi iliyolegea au kebo ya kuunganishia iliyoviringishwa sakafuni hupata moto, na nyumba huungua. Anayetaka kuchaji nyumbani anahitaji laini ya pekee kutoka kwenye ubao wa fyuzi, swichi ya kinga inayojikata umeme unapovuja, na waya wa ardhini uliopimwa na fundi mwenye leseni. Kwa chaja ya kilowati 7.4 mahitaji ni makubwa zaidi, kwa kuwa inavuta kuliko hita ya kuogea ya papo kwa papo iliyo katika nyumba nyingi za Nairobi, tena si kwa dakika kumi bali kwa saa nzima. Ikiwa serikali inataka kutoa ruzuku, hapa pana sababu njema: ilipie wayaringi salama na ukaguzi wake, maana hivyo hubaki katika nyumba hata gari likiuzwa, na hulinda watu ambao hawana gari lolote lakini wanalala chini ya paa moja na mwenye gari.

Ugumu halisi ni kwa wasio na maegesho yao wenyewe. Uingereza, takribani theluthi moja ya kaya hazina mahali pa kuegesha nje ya barabara. Hao ndio wanaotegemea vituo vya umma, na juu ya bei kubwa ya vituo hivyo serikali huwatoza zaidi: VAT ya umeme wa nyumbani ni asilimia 5, na ya umeme wa kituo cha umma ni asilimia 20. Katika zile pauni 1,500 za mtu wetu wa tatu, pauni 250 ni kodi hiyo. Angetozwa asilimia 5 kama jirani yake mwenye ua, angeokoa zaidi ya pauni 187 kila mwaka. Ni kweli kwamba si kila asiye na ua huchaji kwenye vituo vya haraka; zipo chaja za polepole zilizofungwa kwenye nguzo za taa za mitaani, na bei yake ni ya chini zaidi. Lakini hata kwa peni 50 kwa uniti hesabu yake ni pauni 1,000, karibu sawa na petroli, na nyuma sana ya zile 140. Mfumo uliojengwa hivi humpa nafuu kubwa kuliko zote mwenye nyumba yenye gereji, na humtoza mpangaji wa fleti ya ghorofa ya tatu kana kwamba amefanya kosa. Katika habari yote hii, hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine, kwa kuwa si la kimaumbile. Limeandikwa kwenye sheria, na sheria hubadilishwa.

Kuna hatua zilizochukuliwa. Kuelekeza ruzuku kwa wapangaji na wenye fleti mwaka 2022 kulikuwa uamuzi sahihi, na waliolalamika kwamba wenye nyumba za kujitegemea wameonewa hawakuwa na hoja. Tangu Juni 2022 nyumba mpya za Uingereza zenye maegesho hulazimika kujengwa na chaja. Mwaka 2024 ruzuku ilifunguliwa pia kwa wanaoegesha barabarani mbele ya nyumba zao, mradi waya upite ndani ya mfereji mwembamba wenye kifuniko uliokatwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Na Julai 2025 serikali ilitenga pauni milioni 25 za kuzisaidia halmashauri kujenga mifereji hiyo. Mfereji kama huo una thamani kuliko chaja yenyewe, kwa sababu unamtoa mtu kwenye bei ya barabarani na kumfikisha kwenye bei ya usiku ya nyumbani. Waswahili wanaoishi Uingereza kama wapangaji wajue mambo mawili: ruzuku haitolewi bila idhini ya mwenye nyumba, na huombwa kabla ya kazi kuanza, nayo kazi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na serikali. Anayefunga kwanza akadai baadaye hukosa.

Idhini ya mwenye nyumba ni kikwazo ambacho pesa haziwezi kukiondoa. Mpangaji anaweza kuwa na gari, ruzuku na mkataba wa umeme, akakwamishwa na neno moja la hapana. Norway walilitatua kwa sheria inayompa mwenye fleti haki ya kufunga chaja kwenye maegesho yake, isipokuwa pawe na sababu ya msingi ya kumkatalia. Majimbo kadhaa ya Marekani, California na Colorado yakiwamo, yana sheria za namna hiyo. Haki kama hii haiigharimu hazina ya serikali chochote. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, ilifika hapo kwa kuondoa kodi kwenye magari na kwa kuondoa vikwazo vya aina hii, si kwa kugawa chaja peke yake.

Wanaoipinga bei ya usiku wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba nafuu ya mwenye gari hulipwa na asiye na gari. Ingekuwa hivyo kama umeme ungeuzwa chini ya gharama ya kuuzalisha na kuusafirisha usiku. Lakini uniti inayouzwa saa nane usiku kwenye mtambo ambao ungekaa bure huleta mapato ambayo hayakuwapo, na mapato hayo husaidia kulipia nyaya zile zile zinazotumiwa na wote. Kadiri uniti zinavyouzwa nyingi bila kujenga mtambo mpya, ndivyo mzigo wa gharama za kudumu unavyogawanywa kwa wengi. Ruzuku ya chaja ndiyo inayohamisha fedha kutoka kwa mlipa kodi asiye na gari kwenda kwa mwenye gari. Bei ya usiku iliyopangwa vizuri haimwondolei mtu kitu.

Hoja ya pili ni kwamba kila mtu akichaji usiku, usiku wenyewe utakuwa saa ya matumizi makubwa. Mtaani hili linaweza kutokea mapema kuliko kwenye gridi nzima: magari 10 yakianza kuchaji katika dakika ile ile kwenye transfoma moja ndogo, transfoma itaelemewa. Uingereza ilijibu kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Juni 2022. Kila chaja mpya ya nyumbani lazima iuzwe ikiwa imepangwa kukwepa saa mbili hadi saa tano asubuhi na saa kumi jioni hadi saa nne usiku katika siku za kazi, na lazima icheleweshe kuanza kwake kwa muda wa bahati nasibu, hadi dakika 10, ili zote zisiamke kwa mpigo. Mwenye gari anaweza kubadilisha mpangilio akiwa na dharura. Hii ni kanuni ndogo, rahisi na yenye akili, na sioni kwa nini mamlaka zetu zisiiandike leo, wakati chaja bado zinahesabika.

Serikali nazo zina hofu yao, ambayo haisemwi sana hadharani: kodi ya mafuta. Mwaka 2025 lita ya petroli Uingereza ilibeba ushuru wa peni 52.95, kwa hiyo gari letu la petroli lililipa zaidi ya pauni 381 kwa mwaka kabla ya VAT, wakati la umeme halilipi ushuru huo hata kidogo. Katika bajeti ya Novemba 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia Aprili 2028 magari ya umeme yatatozwa peni 3 kwa maili, ambazo kwa kilomita zetu 12,000 ni kama pauni 224. Kenya nayo hukusanya shilingi 25 kwa lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Barabara lazima zitengenezwe na anayezitumia lazima achangie, hilo ni haki. Nisichokubali ni tozo hiyo kufichwa ndani ya bei ya umeme, kwa sababu mita haiwezi kutofautisha uniti ya gari na uniti ya jiko, na mama anayepika angelipia barabara asiyoipita. Tozo ya kilomita ni ya wazi zaidi, na hata ikiwekwa, anayechaji usiku bado anabaki mbele ya mwenye petroli kwa mamia ya pauni.

Sasa tuje kwetu. Kenya ilichukua hatua ya maana Aprili 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilipoidhinisha bei ya pekee ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Mteja wa kawaida wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi alikuwa analipa karibu shilingi 20 kwa uniti. Kwa uniti zetu 2,000, tofauti kati ya 20 na 8 ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Sababu za kutoa bei hiyo zipo ardhini Olkaria: mvuke wa jotoardhi haulali, na usiku wa manane, mahitaji ya nchi yanaposhuka, uwezo mwingi wa mvuke hukosa mnunuzi, ilhali saa mbili usiku nchi huwasha mitambo ya dizeli na kununua umeme kwa majirani. Kasoro ni kwamba bei hiyo inahitaji mita iliyotengwa kwa kuchajia. Kituo cha biashara hupata mita ya namna hiyo kwa urahisi kuliko mtu anayechaji nyumbani kwake Buruburu au Nyali. Rwanda, kwa hatua zilizotangazwa Aprili 2021, ilivipa vituo vya kuchajia bei ya umeme ya viwanda na kuondoa VAT na ushuru wa forodha kwenye magari ya umeme, betri na vipuri. Hapo pia kituo kilitangulizwa, nyumba ikabaki nyuma.

Tanzania ina sababu kubwa zaidi ya kuharakisha. Mradi wa umeme wa maji wa Julius Nyerere kwenye mto Rufiji una mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na umeipa nchi umeme ambao miaka michache iliyopita ulikuwa ndoto. Lakini mita ya LUKU hukata uniti kwa bei moja saa sita mchana na saa sita usiku. Mbaya zaidi, ngazi za bei za nyumbani zinamwadhibu anayechaji. Mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida hulipa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Mfikirie dereva wa bodaboda ya umeme yenye betri inayotolewa na kuchajiwa ndani. Akitembea kilomita 100 kwa siku kwa siku 26, pikipiki peke yake hutumia uniti zipatazo 85. Bado hajawasha taa, na tayari amevuka ngazi ya nafuu pamoja na familia yake nzima. Kenya hali ni ya aina hiyo hiyo: ngazi ya chini kabisa huishia uniti 30, na inayofuata huishia 100.

Ni kweli kwamba hata kwa bei ya juu umeme bado unaishinda petroli kwa dereva huyo. Wapo watakaouliza basi, bei ya usiku ni ya nini? Ni ya saa. Anarudi nyumbani saa moja au saa mbili usiku, amechoka, na kama bei ni moja atachomeka papo hapo, katika saa ile ile ambayo mtaa mzima unapika na transfoma inalia. Akijua kwamba kuanzia saa nne usiku uniti ni nusu bei, atasubiri, na gridi itapumua bila askari wala tangazo. Na bei hiyo ikitengwa na ngazi za matumizi ya nyumbani, taa na jiko la familia yake vitabaki kwenye nafuu iliyokusudiwa kwa watu wa kipato chake.

Kwa hiyo ombi ni mahususi. EPRA iruhusu bei yake ya vyombo vya umeme itumike nyumbani kwa mita ndogo ya pili isiyo na masharti ya kituo cha biashara. EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, na shirika la umeme TANESCO, wanapoendelea kuweka mita janja, waanzishe bei ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na wahesabu uniti za kuchajia nje ya kile kikomo cha 75. Mabunge yaandike haki ya mpangaji kufunga soketi salama ya kuchajia kwa gharama yake. Zikibaki fedha za ruzuku baada ya hapo, ziende kwenye wayaringi na waya wa ardhini wa nyumba za watu wenye kipato kidogo. Nawe unayepanga kununua gari au pikipiki ya umeme, kabla hujauliza bei ya chaja, nenda kwanza kwenye ofisi ya umeme ya mtaa wako uulize uniti ya saa nane usiku inauzwa kiasi gani. Wakikujibu kwamba ni sawa na ya mchana, waandikie barua kudai ibadilishwe, na nakala umpelekee mbunge wako.